Atazamaye Jirani Hung'oa Wimbi

Nyacheki,
14 Februari 1954

Mwanangu Machogu,

Nakusalimu kwa jina la Yule anayetulaza na kutuamsha. Sisi hapa tumeamka. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Dada yako Gesare ameng'oka meno ya mbele na bado anaongea kuliko watu wote wa nyumba hii. Baba yenu kikohozi kimemwacha, lakini bado hajabatizwa. Mchungaji amemwambia tena kwamba hawezi kuingia majini na wake wawili, amrudishe mmoja kwao. Baba yenu alitikisa kichwa tu. Mimi najua ni yupi angerudi, na mke mwenzangu Mong'ina naye anajua ni yupi, ila hatumfikirii mtu mmoja.

Naandika Kiswahili kama ulivyotaka, ati mwalimu wako amesema mkizoee. Mimi sina tabu. Hapa kwetu ni mwanamke gani mwingine anayeweza? Wenzangu walipokuwa wakiuza ndizi Kisii mjini kwa kuonyesha vidole, mimi nilikuwa nikizungumza na Kaltuma dukani kwake mpaka wateja wakidhani tumezaliwa pamoja. Na kusoma nilisoma kanisani mpaka kitabu cha pili. Kama si kuolewa, leo ningekuwa mimi ninayekufundisha.

Sasa jambo lenyewe. Juzi nilikwenda kwa Kaltuma kuchukua barua, maana sanduku lake la posta ndilo letu sote. Zilikuwa mbili, yako na ya Nyamongo kwa Mong'ina mama yake. Nilizishika, moja mkono huu, moja mkono ule. Ya Nyamongo ilikuwa nene. Yako ilikuwa nyembamba kama jani la mgomba lililokauka. Kaltuma alicheka, akasema uzito wa barua si uzito wa mapenzi. Yeye yuko peke yake kwa mumewe. Atajuaje?

Unasema kila mwanafunzi ataandika insha juu ya kazi moja ya shamba la kwao, na atakayeandika vizuri kuwapita wote atapelekwa chuo cha juu kusomea kufundisha madarasa makubwa. Mmoja tu. Na Nyamongo yuko darasa hilo hilo. Machogu, yeye alizaliwa mbele yako kidogo tu, na tangu hapo kila kitu umekipata baada yake: shati, viatu, hata zamu ya kupanda baiskeli ya baba yenu. Hiki usikipate baada yake.

Andika juu ya kupalilia wimbi. Hakuna mkono unaopalilia kama wangu kutoka hapa mpaka Nyamache. Na usisahau kumweka ng'ombe mwekundu, na mgomba wangu ule uliozaa mkungu wa kubebwa na wanaume wawili kwa mti, na habari za Kaltuma, ili mwalimu ajue mama yako anajuana na watu wa mjini.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni,
Kemuma


Chuoni, Nyanza ya Kaskazini,
14 Machi 1954

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, pamoja na baba, mama mkubwa na Gesare. Mimi mzima. Tunakula maharagwe na ugali, kisha ugali na maharagwe. Likizo ya Aprili hatuji nyumbani, tunajenga bweni jipya.

Nilifanya kama ulivyosema. Niliandika juu ya kupalilia wimbi, nikamweka ng'ombe mwekundu, mkungu wa ndizi, duka la Kaltuma, na jinsi ulivyosoma mpaka kitabu cha pili. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Katikati akasimama, akaniuliza, "Machogu, tuko shambani au tumekwenda sokoni?" Wenzangu walicheka. Aliponirudishia, karatasi yote ilikuwa imechorwa mistari myekundu, na chini ameandika: "Kupalilia kuko wapi?" Nikatafuta. Kulikuwa mwanzoni kidogo, na mwishoni kidogo.

Anasema mimi si mvivu. Kosa langu ni kwamba kila ninachokipenda nataka kukiingiza. Amenipa nafasi ya kuandika upya, kama alivyowapa wengine, na insha itapokelewa mwisho wa Juni.

Mama, nisaidie. Safari hii niambie kupalilia tu. Nimelala karibu na shamba lile maisha yangu yote, lakini kazi hiyo ni ya wanawake na sikuitazama vizuri. Wimbi-mwitu unautambuaje, nao umefanana na wimbi kama pacha? Na mwaka huu wako akina nani katika egesangio, kile kikundi chenu cha kupaliliana kwa zamu? Shamba letu limefika wapi?

Mwanao mtiifu,
Machogu


Nyacheki,
11 Aprili 1954

Mwanangu, baba yangu,

Salamu nyingi kama mvua hii isiyotaka kupumzika. Ndama ananyonya vizuri. Gesare ameota jino moja, limekaa upande kama mlevi. Baba yenu amenunua koti la mvua kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi reli, na sasa analivaa hata jua likiwaka. Barua yako ilikaa sana kwa Kaltuma kwa sababu mto ulijaa.

Kwanza huyo mwalimu. Mwambie ng'ombe mwekundu si kitu cha kuchorewa mistari. Kwao wana ng'ombe? Nilikasirika mpaka chungu kikaungua jikoni. Kisha nikasoma tena nikaona umesema wenzako walicheka. Nyamongo alicheka? Hukusema. Niambie kama alicheka.

Haya, wimbi-mwitu. Ukiwa mchanga, hata mimi huutazama mara mbili. Majani ni yale yale, kijani ni kile kile. Mgeni atapita njiani akusifu kwa shamba zuri, kumbe amesifu magugu. Usiutambue kwa macho, utambue kwa vidole. Shika chini kabisa, karibu na udongo, uvute kidogo. Wimbi wa kupandwa unakufuata, una huruma. Wimbi-mwitu umeshikilia ardhi kama mkwe aliyekuja kusalimia tu, akaona chakula cha hapa ni kizuri. Ndiyo maana mvivu huung'oa ule unaokubali na kuuacha ule unaokataa, na siku ya mavuno ana shamba la kijani na ghala tupu.

Tena mtu akipalilia, macho yake yakae kwenye mikono yake. Mnakwenda safu moja, kila mwanamke na kipande chake, na mwenzako akikutangulia, mwache atangulie. Atazamaye jirani hung'oa wimbi. Hilo lishike.

Egesangio mwaka huu nimejitoa. Mong'ina alisema mbele ya wanawake wote, Loice mke wa mzee wa kanisa akiwa hapo hapo, kwamba mwanawe anaandika, na wa wengine wanaandikiwa na mama zao. Mimi ni mtu wa kukaa na maneno hayo? Nitapalilia peke yangu. Nina mikono miwili na Mungu. Na unajua nyumba yake imeezekwa nyasi mpya? Aliyepanda juu ni baba yenu, huyu huyu ambaye magoti humuuma nikimwomba apande kwangu. Nyasi zenyewe zimekatwa kule bondeni ambako mimi ndiye niliyemwonyesha, tena zimepangwa vizuri, siwezi kusema uongo, maji hayaingii, na usiku wa mvua nikisikia matone yakianguka kwenye sufuria yangu, namfikiria amelala mahali pakavu.

Nimetoka nje ya jambo. Unaona, hata hayo ni magugu. Yang'oe wewe.

Mama yako asiyeshindwa,
Kemuma


Chuoni,
9 Mei 1954

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na umpe baba pole kwa joto la koti. Bweni limefika kwenye paa. Nilikuwa na malaria kidogo, sasa nimepona.

Nimeandika upya. Kila nikimaliza kusema jambo najiuliza, huu ni wimbi au ni wimbi-mwitu? Yote yamefanana, maana yote ni ya kwetu na yote ninayapenda. Habari za ng'ombe mwekundu zilishika ardhi kweli kweli, nilizivuta mara nyingi kabla hazijang'oka. Yale maneno yako, kwamba atazamaye jirani hung'oa wimbi, mwalimu ameyapenda. Aliniambia niyaandike kwenye kipande cha karatasi nikibandike mbele ya meza yangu, na kalamu ikianza kutangatanga niyasome.

Hata hivyo katikati nilikuwa nimejaza ukurasa mzima juu ya nyumba kubwa na nyumba ndogo, na maneno ya mama mkubwa siku ile. Niliona nimeandika vizuri sana. Rafiki yangu mmoja aliusoma, akaniuliza, "Hapa unapalilia au unagombana?" Akaupiga kalamu wote. Tulinuniana. Kisha nikasoma bila ukurasa ule, nikaona insha imenyooka kama safu ya wanawake asubuhi.

Mama, niliuliza jambo moja na hukunijibu. Shamba letu limefika wapi? Mikono miwili haitoshi kwa shamba lile.

Mwanao,
Machogu


Nyacheki,
30 Mei 1954

Machogu,

Tumeamka, namshukuru Mungu. Pole kwa malaria, na kwa nini uliisema mwishoni mwa salamu kama mtu anayetaja kikombe kilichovunjika? Ningekuja kwa miguu. Gesare anakusalimu. Ndama amepewa jina lako, anakimbia sana na hasikii.

Huyu rafiki ni nani? Mama yake ni nani? Mtoto wa watu anachukua kalamu na kufuta ukurasa mzima wa mwanangu, nawe unaona amekunyoosha! Labda ukurasa ule ndio ungekupa ushindi. Watu wakiona mwenzao anakimbia humwambia afunge kamba ya kiatu. Usimwonyeshe mtu insha yako. Hasa usimwonyeshe Nyamongo. Nasikia yeye anaandika juu ya kujenga ghala. Mama yake anatembea sokoni Nyamache akisema hivyo kana kwamba ghala limeshajengwa na limeshajaa. Hukunijibu kama alicheka. Mimi nimeuliza jambo moja na wewe hukunijibu, basi tuko sawa.

Shamba liko safi. Usiulize tena.

Ni mimi,
Kemuma


Chuoni,
20 Juni 1954

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa upole wote nilio nao, maana barua hii itakukasirisha. Mimi mzima, na insha imekabidhiwa.

Rafiki yule ni Nyamongo.

Siku ile mwalimu alipoisoma insha yangu mbele ya darasa, hakucheka. Wengine walipocheka alitazama chini. Jioni alikuja kitandani kwangu na insha yake mkononi, akasema, "Ndugu yangu, na mimi nimerudishiwa. Nipalilie, nami nikupalilie." Maana insha yake ilikuwa na ghala kidogo na mama mkubwa mwingi. Tangu hapo tumekaa meza moja. Nilichelea kukuambia.

Lakini na wewe kuna jambo ulichelea. Mama mkubwa alimwandikia Nyamongo, Loice akimshikia kalamu, na Nyamongo akanisomea. Alisema mlikuwa kwenye shamba lake, zamu yake. Yeye akakutangulia katika safu, nawe ukawa unamwangalia yeye tu, na mikono yako ikang'oa wimbi wake, konzi kwa konzi, ikaacha magugu yamesimama. Alipoona akapiga kelele. Wewe ukamjibu kwamba mtu asiyejua kusoma hata bahasha yake asikufundishe shamba. Ndipo akasema yale maneno ya kuandikiwa. Hukuniambia sehemu ya kwanza.

Mama, sikulaumu. Nimeelewa tu maneno niliyobandika mbele ya meza yangu yalitoka wapi. Lakini rudi kwenye egesangio. Na kama Nyamongo atachaguliwa badala yangu, nataka ulisikie hilo kwangu kwanza: huenda.

Mwanao,
Machogu


Nyacheki,
11 Julai 1954

Machogu,

Barua yako niliisoma dukani kwa Kaltuma nikiwa nimesimama, nikakaa juu ya gunia la chumvi. Kaltuma aliniletea chai, akataka kujua kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna msiba, mwanangu amepata ndugu. Hakuelewa. Niliikunja nikaapa sitaandika mpaka mavuno. Unaona nimeandika.

Sikung'oa makusudi. Nataka ulijue hilo. Nilisikia wanawake wamenyamaza, nikatazama mkononi nikaona ni wimbi. Wimbi wa mke mwenza, Machogu. Kila mtu angesema ni engareka, ule wivu wa wake wenza unaofanya mtu aharibu chakula cha watoto. Ungefanya nini? Mimi niliokota maneno makali yaliyokuwa karibu, nikayarusha, nikaenda nyumbani. Na peke yangu sikuweza. Nilifika robo ya shamba, mvua ikawa inaotesha nyuma yangu kile nilichong'oa mbele.

Siku niliyopeleka mjini barua ya Aprili nilikawia, mto ulikuwa bado mkubwa, nikalala kwa Kaltuma. Niliporudi nikaona shamba limebadilika rangi. Walikuwa wameingia wote, egesangio nzima, Mong'ina mbele. Loice aliniambia baadaye kwamba wengine walikataa, wakasema mwanamke mwenye engareka hapaliliwi. Mong'ina akawaambia, "Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ananitazama mimi." Basi wakaja.

Lakini si lote. Kipande cha mwanzo, pale njiani, walikiacha na magugu yake. Kipande hicho hupaliliwa na mwenye shamba kwanza, ndipo wengine wafuate, ili isisemwe kwamba mwanamke fulani analimiwa kama mjane asiye na mikono. Mong'ina aliniachia. Alijua hata heshima yangu imekaa wapi. Hilo ndilo lililonichoma kuliko tusi lolote. Kwa nyasi amenitangulia, kwa mwana amenitangulia, na sasa hata kwa wema.

Nikakipalilia siku ile ile, na nguo ya mjini. Alipita na mtungi wa maji, akasema, "Umerudi, mama Machogu." Nikasema nimerudi. Zamu zilizobaki nilikwenda, na macho yangu yalikaa kwenye mikono yangu. Karibu siku zote.

Bado nataka ushinde.

Mama yako,
Kemuma


Chuoni,
25 Julai 1954

Mama mpendwa,

Sote wazima. Amechaguliwa Nyamongo.

Yangu ilikuwa ya pili. Mwalimu alisema insha ya ghala haina jani moja la ziada, kila neno linashika ukuta au linashika paa. Majani ya ziada yalikuwapo, mama. Niliyang'oa mimi. Nyamongo alitaka kusimama aliseme hilo darasani, nikamvuta shati akakaa. Mimi nitafundisha madarasa madogo mwakani, huenda shule ya huko huko karibu na Nyamache.

Nilikuwa na siku mbaya moja. Nilikitazama kile kipande cha karatasi mbele ya meza yangu mpaka herufi zikachezacheza. Sasa nimetulia.

Nimekutilia insha yenyewe ndani ya bahasha hii. Isome. Hutamkuta ng'ombe mwekundu. Wewe umo, ingawa sikukutaja.

Machogu


Nyacheki,
15 Agosti 1954

Mwanangu,

Wote wazima. Jambo ni moja.

Zilikuja barua mbili. Yako niliisoma njiani. Ya Nyamongo nilimpelekea Mong'ina nyumbani kwake. Alikuwa akipepeta wimbi mpya. Nilidhani ataniambia asante, atamngoja Loice. Akafuta kigoda akakiweka mbele yangu, akasema, "Nisomee wewe."

Nikamsomea. Mdomo huu huu ulimtangazia kwamba mwanawe amewashinda wote. Sikuruka neno wala sikuongeza. Ungeniona ungefurahi. Nilikuwa kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa.

Nilipofika mahali Nyamongo anaposema alikuwa ameandika kurasa za kumsifu mama yake nawe ukaziondoa, Mong'ina aliweka ungo chini. "Alinisifu nini?"

"Haikuandikwa. Mwanangu aliing'oa."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nami nikacheka. Nikakunja barua, nikampa, nikamwambia, "Mwanao anaandika."

Akaipokea. "Na wako ndiye aliyempalilia."

Insha yako nimeisoma. Nimejiona. Safu nzima ilikuwa pale, na mwanamke aliye pembeni, anayeinamisha kichwa, najua ni nani. Ukifika likizo nitakupikia uji wa wimbi huu mpya, wewe na Nyamongo, chungu kimoja.

Wivu usidhani umeng'oka. Huo nao umeshika ardhi. Ila safari hii bahasha yako ilikuwa nene kuliko yake. Nilizipima, moja mkono huu, moja mkono ule, na Kaltuma ni shahidi.

Mama yako,
Kemuma